Kisima Kirefu au Bomba la Kampuni: Ahadi Mbili za Maji Katika Wadi

Uchaguzi wa wawakilishi wadi unapokaribia nchini Kenya, na ujao ni wa Agosti 2027, mgombea mmoja huahidi kisima kirefu chenye pampu ya sola, na mwingine bomba la kampuni ya maji ya kaunti.

Kwa gharama ya kuanzia na muda, kisima hushinda, kwani bomba hudai chanzo cha uhakika, matangi na mtambo wa kusafishia maji. Kwa ubora, mambo hugeuka: sehemu za Nakuru, maji ya ardhini yana floraidi nyingi inayoacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto, na Kitui visima vingi hutoa maji ya chumvi ambayo ng'ombe huyanywa lakini chai huyakataa.

Matengenezo, kwa maoni yangu, ndiyo yenye uzito zaidi. Pampu ikiharibika, kamati ya kijiji ndiyo humtafuta fundi na pesa, huku mitungi ya lita 20 ikipanga foleni mbele ya kioski kilichofungwa kufuli. Bomba lina kampuni yenye leseni chini ya Sheria ya Maji ya 2016, ila huja na ankara ya kila mwezi, na mgao wa maji pia.

Kijiji kilicho mbali na mabomba kitafaidika na kisima, mradi maji yapimwe kwanza. Soko linalokua litahitaji bomba. Yeyote aahidiye aulizwe atakavyoitetea bajeti ya mradi huo katika bunge la kaunti, kwani mwakilishi wadi huipitisha na kusimamia matumizi yake, hachimbi wala halazi mabomba.