Shari, shari: gari la kukodi Kochi hadi Munnar wakati wa mvua

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya dereva, si ya ofisi ya kampuni iliyotukodishia gari la kutupandisha Munnar, mji wa milimani huko Kerala, kusini mwa India. Ofisi ningeipa sifuri kama simu ingekubali.

Naanza na waipa, ile ya kufutia maji kwenye kioo cha mbele cha gari, maana ndiyo iliyonitoa povu. Waipa ya upande wa dereva. Tulipochukuliwa Alappuzha asubuhi ilikuwa tayari inalia kwii-kwaa, mpira wake umechanika unaning'inia kama uzi wa pindo la sketi. Mimi ni mpanda daladala wa Tabata, gari bovu nalijua kwa sauti. Nikamuuliza dereva, kaka, hii itatufikisha? Akatikisa kichwa, kile kitikiso chao cha pembeni ambacho mpaka leo sijajua ni ndiyo au hapana, akasema ofisini wanajua. Wanajua tangu lini? Wiki iliyopita. Nikamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama nje.

Turudi nyuma kidogo. Tulipowaambia watu tunakwenda India, wa kwanza akauliza, "Nani anaumwa?" Wa pili hivyo hivyo. Shangazi yangu alitaka kuitisha mchango. Kwetu mtu haendi India kutembea, anakwenda na faili la hospitali. Tukaeleza tunakwenda Kerala, wawili tu, kupumzika, watoto wanabaki kwa bibi yao. Ilikuwa mwezi wa sita unaisha au wa saba unaanza. Kwanini wakati wa mvua? Kwa sababu hoteli zinashuka bei, jibu lenyewe ndilo hilo. Baba watoto, ambaye ni Mdigo wa Tanga na bahari anaizungumzia kama nyumbani kwao, alikuwa na lake: eti mvua ile ni kusi yetu. Upepo unapita pwani yetu, unavuka ikweta, unakata kulia, na mwanzoni mwa Juni unaigonga Kerala ukiwa umebeba bahari nzima. "Tunaufuata upepo wetu," akasema. Maneno matamu sana ukiwa umekaa sebuleni.

Fort Kochi sitaisema sana. Mawimbi rangi ya kahawia, zile nyavu kubwa za Kichina zinapanda na kushuka kwa mawe na kamba, boti kubwa za uvuvi zimefungwa kwa sababu Kerala huzipiga marufuku siku 52 kila mwaka ili samaki wazaliane. Tuliingia kanisa la Mtakatifu Francis alikozikwa Vasco da Gama, yule baharia Mreno, mwaka 1524, kabla wenzake hawajaichukua mifupa yake kuipeleka Ureno. Mume wangu akasimama pale akauliza kwa sauti, hivi yule rubani wa Malindi aliyemwongoza baharini alilipwa? Mlinzi akatugeukia. Sikulitilia maanani swali lile wakati ule. Siku mbili baadaye nikiwa mlimani nililikumbuka vizuri sana: rubani wa Malindi alimfikisha mtu Calicut, pwani hii hii ya Kerala, mwaka 1498, bahari nzima, na hakuwa na ofisi ya kumwambia "tunajua".

Boti ya Alappuzha, kwa kweli, ilikuwa nzuri. Nasema kweli hata kama nina hasira. Zile boti kubwa za makuti asili yake zilikuwa za kubebea mchele, na mbao zake hushonwa kwa kamba za makumbi bila misumari. Baba watoto alipoambiwa hivyo alikaribia kulia. "Mtepe!" akasema. "Huu ni mtepe!" Yaani chombo cha kale cha pwani yetu, kilichoshonwa kwa kamba. Akakaa nusu saa anazipapasa kamba kama mtu aliyekutana na babu yake. Saa kumi na moja na nusu jioni boti inafungwa kwenye miti, haisogei tena mpaka asubuhi, ili wavuvi watege nyavu zao usiku. Mvua ikaanza kupiga juu ya makuti, mpishi akaleta muhogo uliochemshwa na kupondwa, pamoja na samaki wa mchuzi mwekundu uliotiwa chachu ya tunda jeusi linalokaushwa kwa moshi. Muhogo na samaki! Nimesafiri mbali kote huko kula chakula cha mama yangu, na pilipili juu yake. Sikulalamika. Nililamba vidole.

Haya. Asubuhi ndipo gari likaja.

Mpaka Kothamangalam mvua ilikuwa ya kawaida na waipa ikajikokota. Tukavuka daraja la Neriamangalam juu ya mto Periyar, barabara ikaingia msituni, kona zikaanza, na anga likashuka. Sijui niielezeeje mvua ile. Masika ya Dar inakupiga, inaondoka. Hii haikuwa inanyesha, ilikuwa inamwagwa, na mtu anayemwaga hana haraka. Maji yanatoka juu, yanatoka kwenye ukuta wa mlima upande wa kushoto, yanavuka lami, yanaanguka bondeni upande wa kulia. Hapo, kabla hatujafika maporomoko ya Cheeyappara, ile waipa ikakatika. Tak! Niliiona ikiruka. Ikapita dirishani kwangu kama panzi, ikaenda zake bondeni.

Kioo kikawa maziwa. Dereva akapunguza mwendo, akasogea pembeni pale penye wauza mahindi na tumbili walioloa, akapiga simu ofisini. Sasa hapa kuna jambo. Kwa lugha yao, Kimalayalam, ukitaka kusema "sawa" unasema "shari". Mimi sikujua. Nakaa nyuma, mlima unatiririka, gari halina waipa, na namsikia dereva anaongea na bosi wake: "Shari. Shari, saar. Shari, shari." Nikamshika mume wangu mkono. Nikasema, umesikia? Hata yeye anajua hii ni shari.

Nikaomba simu. Nikamwambia yule bwana wa ofisini kwa adabu zote kwamba gari lake halina waipa, tuko mlimani, alete gari jingine. Unajua alinijibu nini? "Madam, mvua ya huku ndivyo ilivyo. Mmechagua wenyewe kuja msimu huu." Nikasema mvua sijailalamikia, nimelalamikia waipa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema nimpe simu bwana wangu azungumze naye.

Nimpe bwana wangu simu.

Jamani. Aliyelipa ile safari ni mimi. Pesa ya kikoba, ya miezi kumi na nne, jina kwenye risiti ni langu, meseji zote ameandikiana na mimi. Lakini pesa ikishaingia na waipa ikishakatika, ndipo anataka kuongea na mwanaume. Nikampa. Na baba watoto, Mungu ampe maisha marefu ila siku ile aliniudhi kuliko yule bwana, akasikiliza dakika nzima, akasema "sawa, asante sana ndugu," akakata. Nikamuuliza kasemaje? "Kasema tuendelee taratibu."

Taratibu! Kwa kioo gani?

Na siyo kwamba nilikuwa nadeka. Milima ile inaua. Agosti 2020 kule Pettimudi, karibu na Munnar, mlima uliporomoka usiku ukafukia nyumba za wafanyakazi wa chai, wakafa watu wapatao 70, wengi wao wamelala. Dereva wetu mwenyewe ndiye aliyetuambia, kwa sauti ya chini, na hakuliendeleza.

Alichofanya dereva sasa. Alishuka bila mwavuli. Akatoa bidi mbili kwenye mfuko wa shati, zile sigara zao za kusokotwa kwa jani, akazivunja kiganjani, akachanganya tumbaku na maji ya mvua, akaanza kusugua kioo. Alisugua kwa mduara, polepole, kama mtu anayempaka mtoto mafuta, kuanzia juu mpaka kwenye kona. Tumbaku ikaacha rangi ya chai. Nikadhani kachanganyikiwa. Kisha nikaona: maji hayakuwa tena matone matone, yalikuwa yanateleza kama karatasi moja nyembamba, na nyuma yake barabara ikaonekana. Imepinda kidogo, lakini ipo.

Akasubiri basi la serikali lipite, yale mabasi yao yasiyo na vioo, abiria wameteremsha mapazia ya turubai, akaliandama nyuma. Taa mbili nyekundu, sisi nyuma yake, kilomita ishirini kwa saa. Kila baada ya muda anasimama, anashuka, anasugua. Bidi zilipoisha alinunua nyingine kwa pesa yake. Mume wangu akataka kulipa, akakataa. Kuanzia hapo akaacha kuniita madam. Akaniita chechi, yaani dada mkubwa, ingawa ana mvi na mimi sina. (Ninazo mbili. Hazihesabiki.)

Tulifika Adimali, mji wa njiani kabla ya Munnar, giza limeingia. Siku hiyo kulikuwa na tahadhari nyekundu ya mvua, na wilaya ya Idukki ikifika hapo huzuia magari mlimani usiku, kwa hiyo tukalala pale, kwenye nyumba ya wageni yenye shuka zinazonuka unyevu na godoro gumu kama meza. Chumba chetu cha Munnar, kilicholipiwa chote, kililala peke yake. Usiku nikavua soksi nikakuta ruba kwenye kifundo cha mguu, amenona, ametulia. Nilipiga kelele mpaka mwenye nyumba akaja na chumvi. Alimnyunyizia, ruba akajikunja akadondoka, mwenye nyumba akacheka, mimi nikalia. Nililia yote: waipa, simu, kikoba, ruba.

Kesho yake wakafunga waipa mpya gereji ya Adimali. Dakika kumi. Bei yake haifiki ya biriani ya mtu mmoja. Dakika kumi, nyie watu!

Munnar kwa siku nzima hatukuiona. Ni ukungu. Unatoka hotelini unaambiwa mbele yako kuna mashamba ya chai, unajibu asante. Baridi ya Lushoto ukiongeza nusu. Tulikaa na blanketi, tunakunywa chaya, ndivyo wanavyoita chai, tunasikiliza mabati. Siku ya pili dereva akagonga saa kumi na mbili asubuhi: "Chechi, njoo." Tukatoka na kandambili. Ukungu ulikuwa umepanda, na chini yake chai imepangwa kilima baada ya kilima, imekatwa sawasawa kama kichwa kilichonyolewa kwa mashine, na kati ya vilima maji meupe yanashuka kila mahali. Nilihesabu maporomoko tisa kutoka pale niliposimama. Dakika ishirini, ukungu ukarudi. Wakati wa kushuka akatusimamisha kwenye shamba la iliki, akainua majani, akatuonyesha zinazaa chini kabisa, mashinani, karibu na udongo. Tangu nizaliwe naitia iliki kwenye chai, na sikuwahi kujiuliza inazaa wapi. Mume wangu akasema hata Zanzibar zipo. Mume wangu kila kitu kipo Zanzibar.

Sasa nikisema nyota moja, je, zile dakika ishirini nazo ni nyota moja? Hapa ndipo ninapokwama. Kama ile waipa isingekatika, tungefika Munnar jioni ile, tungelala hotelini vizuri, na asubuhi huenda dereva angekuwa amelala kwenye gari anasubiri tumalize kifungua kinywa, kama madereva wengine wote pale. Asingetugongea. Lakini pia tungeweza kufa! Siwezi kuipa kampuni shukrani kwa sababu ilishindwa kuniua. Nafuta nilichosema. Nyota moja.

Tuliporudi Dar nikaandika kudai pesa ya usiku wa Munnar. Jibu: mlilala Adimali kwa uamuzi wenu. Halafu siku hiyo hiyo, ofisi hiyo hiyo, wakanitumia ujumbe wenye vikaragosi vya maua wakiomba niwape nyota. Nilishaweka kidole kwenye ile moja wakati ujumbe wa sauti wa dereva ulipoingia. Kwa upole, na mvua inasikika nyuma yake: chechi, andika unavyotaka, haki yako, ila nyota zikishuka wanakata kwenye mshahara wangu, si wao.

Nikaweka simu chini. Baba watoto akasema weka tatu, katikati. Tatu ya nani? Dereva ni tano, ofisi ni sifuri, hakuna mtu wa tatu hapa.

Nikampa tano. Najua nilianza na moja, na moyoni bado ni moja. Kwenye ukurasa wao ni tano, na maelezo yote ni ya mtu aliyesugua kioo kwa bidi kwenye mvua, ofisi sikuitaja hata kwa herufi. Ya ofisi nimeyaandika hapa. Nikamtumia dereva kumjulisha. Akajibu kwa sauti, neno moja na jina langu jipya: "Shari, chechi."

Pesa ya usiku wa Munnar bado hawajarudisha.