Alama ya reli kwenye Slack: mwaka mmoja ofisi ya forodha

Ofisini kwetu Kurasini tuko watu kumi na wawili, kazi yetu kutoa makontena bandarini. Zamani kila kitu kilikuwa kwenye kundi moja la WhatsApp: namba za kontena, picha za pilau, pole za misiba, na dereva anayeuliza "Niingilie geti gani?" swali lake linazama hapohapo. Mwaka jana tukahamia Slack, programu ya mazungumzo ya kazini ambayo kila mada ina chumba chake, kinachoitwa chaneli. Sitaki kuieleza yote. Nataka kusema kuhusu kutaja chaneli ndani ya ujumbe, maana ndicho ninachokitumia kutwa.

Unaandika alama ya reli (#), unaanza herufi mbili tatu za jina, orodha inajitokeza, unachagua. Hapo #nyaraka inakuwa kiungo, anayeibonyeza anaingia moja kwa moja. Kwangu mimi faida yake ni kwamba nimepumzika kurudia maneno. Dereva akidai hela ya mafuta kwenye #madereva, namjibu, "Kaka, peleka #malipo, mhasibu yuko huko." Akifika anakuta wenzake watatu wameshauliza hilohilo tangu asubuhi na jibu lipo. Tena haina kelele: ukitaja chaneli kwa reli, simu ya mtu hailii.

Sasa msichanganye na @channel, kama nilivyofanya mimi. Hiyo inawaita wote waliomo, aliyepo na asiyepo. Ijumaa moja, saa saba mchana, nilitaka kuelekeza watu #bandarini. Vidole vikaenda kwenye @. Programu iliniuliza kama nina uhakika, nikakubali kwa mazoea. Madereva wawili walikuwa msikitini. Niliomba radhi hadi Jumatatu. Siku hizi nikitaka walio hewani tu, natumia @here.

Jambo lingine ni chaneli za faragha. Niliwahi kuitaja chaneli ya mishahara mbele ya watu wote, nikidhani kuna anayeweza kuifungua. Wasio wanachama hawaoni jina lake, wanaona kikufuli tu. Siri ilibaki salama, ila kikufuli kile kilizua umbea wa wiki nzima kuliko hata ningeandika tarakimu zenyewe.

Kilichonifurahisha zaidi kilitokea tulipobadili #bandarini kuwa #bandari-na-icd (ICD ni bandari kavu). Nilijua viungo vya zamani vitakufa. Wapi! Ujumbe wote wa nyuma ukaonyesha jina jipya. Mpwa wangu, aliyetutengenezea boti, yaani programu ndogo inayojiandikia ujumbe yenyewe, ya kutangaza meli zinazotia nanga, ndiye aliyenifafanulia: Slack haihifadhi jina, inahifadhi kitambulisho cha chaneli, kile kinachoanza na C, unakiona chini kabisa ukifungua maelezo ya chaneli. Naye alishajifunza kwa shida. Boti yake mwanzoni ilikuwa ikiandika #nyaraka kama neno tupu, halibonyezeki. Alipoweka kitambulisho ndani ya mabano ya pembe, reli ikitangulia, namna hii <#C…>, likageuka kiungo mara moja.

Mkiwa toleo la bure, jueni kwamba mnaona ujumbe wa siku 90 zilizopita tu. Kazi ya forodha haina kumbukumbu fupi hivyo, swali linaweza kurudi baada ya miezi mitano. Kwa hiyo namba ya kontena na tarehe ya kutoka tunaziandika pia kwenye jedwali letu, tusitegemee kumtuma mtu kwenye chaneli akatafute.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano naishikilia kwa sababu ya simu: kwenye kibodi za madereva wengi alama ya reli imejificha ukurasa wa pili, na mtu yuko kwenye foleni ya geti na karatasi mdomoni. Dereva wetu mkubwa kwa umri ameshakata tamaa ya kuitafuta. Anaandika kwa maneno, "reli bandarini," jina la zamani vilevile, na sisi tunamwelewa.