Mashine ndogo ya leza ya mezani: ipi uanze nayo na ipi uiache hukohuko dukani

Kabla hujatuma hela kwa muuzaji yeyote muulize swali moja tu, wati za mwanga ni ngapi. Usimuulize "ina wati ngapi" maana hapo atakujibu 40, wengine mpaka 90, anakutajia umeme unaoingia kwenye mashine au namba tu ya tangazo, wakati kinachochoma mbao ni mwanga unaotoka kwenye lenzi na huo mara nyingi kwenye hizo hizo za "40" ni wati 5. Kwenye karatasi ya maelezo huwa wanaiandika "optical power", isipokuwepo basi jua hawataki uione.

Mi ya kwanza niliingia hivohivo. Tangazo 40W kwa herufi kubwa nyekundu, nikajua nitakata plaiwudi ya milimita 6 bila shida, nikaahidi watu vibao vya majina ya meza za harusi, mzigo umefika napitisha mara nane haijatoboka upande wa pili, kingo zimekuwa mkaa mtupu. Iliniuma sana kwa sababu hela ile niliidunduliza miezi. Kwahiyo huu mwongozo nauandika kwa mtu anayetaka kuchora na kukata vitu vidogo nyumbani, vibao, viholda vya funguo, zawadi, mikanda ya ngozi, na hana hela ya kukosea mara mbili.

Naanza na ile ambayo ningemnunulia mdogo wangu leo.

NAMBA 1: Diodi ya wati 10 za mwanga, fremu ya wazi

Hapa kuna Ortur Laser Master 3, xTool D1 Pro ya wati 10, Sculpfun S30 Pro, na nyingine za aina hiyo. Zote leza inatoka kwenye diodi (kichipu kidogo cha umeme kinachotoa mwanga), mwanga ni wa bluu, nanomita 450 na ushee (hiyo namba inakuambia ni mwanga wa aina gani), eneo la kazi kama sentimita 40 kwa 40. Mtandaoni zinacheza kama dola 400 mpaka 600 kabla ya usafiri.

Kwanini hii? Kwa sababu plaiwudi ya milimita 3 inakata kwa mpito mmoja au miwili ukiwa na pampu ya hewa (inapuliza pale leza inapochoma), na milimita 3 ndo asilimia kubwa ya kazi za mikono utakazofanya. Ngozi inachora vizuri, alumini iliyopakwa rangi kiwandani (zile kadi na chupa za rangi) inachora, akriliki nyeusi (ile plastiki ngumu ya shiti) inakata. Afu inakuja imefungwa vipande kwenye boksi bapa, ukilipia mzigo kwa kilo au kwa ujazo unaona tofauti. Na umeme inaokula ni mdogo, LUKU hutaisikia.

Inachoshindwa: akriliki ya kuonekana kama kioo. Mwanga wa bluu unapita tu kama jua linavyopita dirishani, unaenda kuchoma meza chini. Watu wengi wanagundua hili wakiwa wameshanunua shiti nzima Kariakoo.

Ila sasa nikiweka hii namba moja naiweka na masharti. Leza ya wati 10 iliyo wazi ni daraja la 4, yani kundi la leza hatari zaidi, hata mwanga uliogonga mbao ukakurudia unaweza kuharibu jicho, na mwanga wa bluu unaenda moja kwa moja mpaka nyuma ya jicho bila kukuuma, hutajua saa hiyo hiyo. Miwani ya plastiki ya kijani inayokuja bure kwenye boksi mi siiamini. Nunua miwani iliyoandikwa OD 5 au 6 kwenye nanomita 450 (OD ni kipimo cha jinsi inavyozuia mwanga), tena ya kila mtu anayeingia chumbani. Bora zaidi mtengenezee boksi. Nilienda kwa seremala akanitengenezea kasha la plaiwudi, ndani nikapiga bati jembamba lote, mfuniko hauna dirisha kabisa, nikaweka kamera ndogo ndani naangalia kazi kwenye simu. Pembeni feni na bomba la kutoa moshi dirishani. Boksi lilinigharimu kidogo kuliko miwani mbili nzuri, na watoto wakipita sebuleni hakuna kitu wanaona.

Na usiiache ikikata peke yake. Hata dakika mbili za kwenda kuangalia ugali. Mbao inawaka, hasa kwenye kona ambapo kichwa kinapunguza mwendo, weka kizimamoto kidogo au ndoo ya mchanga karibu.

Kingine watu hawaambiwi ni muda. Chukua picha ya sentimita 10 kwa 10, mistari imepishana milimita 0.1, hiyo ni mistari 1,000, kila mmoja milimita 100, jumla milimita 100,000. Mashine ikienda milimita 100 kwa sekunde ni sekunde 1,000, yani dakika kama 17, na bado kichwa kinapoteza muda kikigeuka kila mwisho wa mstari. Sasa mteja anataka picha kama hiyo ishirini ijumaa. Fanya hiyo hesabu kabla hujakubali oda, na ifanye pia kabla hujachagua mashine, maana ndo inayoamua namba 3 hapo chini ikufae au isikufae.

NAMBA 2: Diodi ya wati 20 iliyofungwa kwenye kasha lake

Mfano xTool S1. Kama hela ipo na unafanyia kazi nyumbani kwenye watoto, ruka namba 1 njoo hapa. Ikiwa imefunikwa ni daraja la 1, yani kundi salama, ukifungua mfuniko leza inajizima, moshi una njia yake ya kutokea. Wati 20 inakata mbao nene zaidi na kwa mpito mmoja pale ambapo ya 10 inahitaji miwili mitatu. Nimeiweka ya pili kwa sababu mbili tu, bei inapita dola 1,000 kirahisi, na ni nzito na kubwa kwahiyo usafiri unauma, ukijumlisha na kodi unajikuta ungenunua ya wati 10, boksi, pampu, miwani, na mbao za mwaka mzima. Halafu elewa kwamba wati nyingi hazimaanishi mchoro mzuri zaidi, doa la leza ya wati 20 kawaida ni nene kidogo kuliko la wati 5 au 10, kwahiyo picha za uso wa mtu hazitatoka kali kwa sababu tu umelipa zaidi.

NAMBA 3: Ndogo za vioo vinavyocheza (galvo)

xTool F1 na LaserPecker 4 ndo zinazojulikana. Hapa kichwa hakitembei, kuna vioo viwili vidogo vinarusha mwanga huku na huku kwa kasi kubwa mno, ile picha ya dakika 17 inaisha kwa dakika chache tu. Hizi mbili kila moja ina leza mbili ndani, bluu ya wati 10 na nyingine ya wati 2 ya nanomita 1064 isiyoonekana kwa macho, hiyo ya pili ndo inachora chuma tupu, fedha, dhahabu, na plastiki nyingi kwa usafi. Miwani ya bluu haikukingi na hiyo ya 1064, lazima iwe imeandikwa zote mbili.

Udhaifu ni eneo. F1 ni milimita 115 kwa 115, chini ya upana wa sahani ya chai. Na kukata siyo kazi yake, inakata vitu vyembamba tu.

Kwahiyo hapa nasema wazi, kama kazi yako ni viholda vya funguo, kalamu, pete, saa, na unakaa kwenye maonesho unachora jina mteja akiwa amesimama anasubiri, hii kwako ni namba 1 bila mjadala. Kama unataka kukata maumbo ya mbao na maboksi, itakukwaza wiki ya kwanza.

NAMBA 4: Diodi ya wati 5

Sculpfun S9, Atomstack A5 Pro. Dola 200 mpaka 300 hivi. Kwa mwanafunzi au mtu anayetaka kujua kama hii kazi anaipenda, sawa. Inachora vizuri sana, tena doa lake dogo picha zinatoka nzuri. Kukata ndo kilio, milimita 3 utapitisha mara kadhaa. Hakikisha tu modeli unayochukua inakubali kubadilishwa kichwa baadaye, ukipata hela unaongeza wati bila kutupa fremu.

NAMBA 5: K40

Hii ni ya CO2, bomba la kioo lenye gesi, mwanga wake ni nanomita 10,600, na huo unakata akriliki ya kioo kingo zikabaki zinang'aa. Hilo peke yake linawafanya watu waitamani na nawaelewa. Lakini siyo ya mezani kwa maana ninayoisema mimi. Inataka maji ya kupoza yazunguke muda wote, na kwa joto la Dar au Mombasa ndoo ya maji inapata moto mapema unabaki kuongeza barafu. Vioo vitatu unavipanga mwenyewe. Na ndani kuna umeme wa maelfu ya volti unaoua, waya wa ardhi ukiwa haujafungwa vizuri pale nyumbani kwako (na nyumba nyingi haujafungwa, tuseme ukweli) usiiguse. Bomba ni kioo, likisafirishwa vibaya linafika limevunjika. Mtu mwenye karakana na fundi umeme wa kuaminika, ichukue. Chumbani, hapana.

USINUNUE: vile vidude vya kiganjani vya wati 1 mpaka 3, eneo kama kadi ya benki, programu yake ipo kwenye simu tu. Kikifa kichwa hakuna spea, na hutakata chochote zaidi ya karatasi.

Sasa mbao zetu, maana video zote za nje wanatumia mbao ambazo huku hazipo. Paini ya Mufindi ni rahisi na inapatikana kila mahali ila inachora kwa mistari, ile sehemu laini inaungua kwa kina na ule mstari mgumu wa giza unabaki umesimama, herufi ndogo zinapotea. Mninga unakubali, wekundu wake unaficha kidogo lakini ukichora kwa kina unapendeza mno. Mpingo ni mweusi tayari, ukichora hauonekani mpaka ujaze rangi nyeupe kwenye mtaro. Plaiwudi angalia katikati, zile za bei ya chini zina mabaka ya gundi na vipande vilivyojazwa, leza ikifika hapo inakwama na kipande hakitoki. Mi nachukua mabaki kwa maseremala wa Keko, wananiuzia kwa bei ya kuni, najaribia hayo kwanza.

Na hili nalisema kwa nguvu: usichome PVC. Reksini ya makochi, foreksi ya mabango, vipande vya dari za plastiki, hivyo mara nyingi ni PVC, na PVC ikiungua inatoa gesi ya asidi ya hidrokloriki inayokula mapafu na kula reli za mashine kutu mpaka mwisho. Reksini inafanana na ngozi watu wanachanganya. Kuipima ni rahisi, toka nje, pasha waya wa shaba kwenye moto mpaka uwe mwekundu, gusisha kwenye plastiki, rudisha motoni, moto ukiwa wa kijani weka pembeni hiyo kitu. Ngozi halisi nayo uliza imelainishwa na nini, ile ya kromi moshi wake ni mbaya, tafuta ya magome.

Bei ya mtandaoni siyo bei ya mlangoni. Weka usafiri, ushuru, na VAT ambayo Tanzania bara ni asilimia 18 na Kenya 16, afu ajenti. Mashine ya dola 450 usiipangie dola 450. Angalia adapta kama inakubali volti 230, zipo zinazotumwa za soko la Marekani za 110. Umeme wetu ukikatika katikati ya kazi mashine inasahau ilipokuwa na kibao kimekufa, UPS ndogo ya kompyuta inatosha kwa diodi, hiyo ihesabu kwenye bajeti siku ileile.

Programu usihangaike. LaserGRBL ni bure, ya Windows, inatosha kujifunzia, michoro tengeneza kwenye Inkscape nayo bure. LightBurn unalipia, ila ukianza kupokea oda utaitaka. Kabla ya kulipia mashine hakikisha tu inakubali GRBL (mfumo wa ndani ya mashine ambao programu kama LaserGRBL zinaongea nao) au LightBurn, siyo app ya kampuni peke yake.

Wa ukanda wa pwani, chumvi ya hewani inashika reli na skrubu, futa na kitambaa kikavu kila wiki na mashine uifunike. Lenzi isafishe kwa pamba na spiriti, moshi ukiganda pale nguvu inashuka kidogo kidogo unadhani leza imechoka.

Ikifika, siku ya kwanza usichore jina la mtu. Kata kipande cha mbao utakayotumia, chora viboksi, kulia ongeza nguvu, chini ongeza kasi, andika namba pembeni kwa kalamu na kining'inize ukutani juu ya mashine. Changu cha mninga kipo pale mwaka wa tatu sasa, kila oda naanza kwa kukiangalia.