Nyuzi za Elixir kwenye gitaa la umeme hapa Mombasa: uzoefu wangu

Ukipiga gitaa la umeme Mombasa, pesa zako zitaishia kwenye nyuzi. Hewa yetu ina unyevu mwaka mzima, na ukikaa karibu na maji, iwe Nyali, Likoni au Mji wa Kale, inakuja na chumvi yake. Hapo hujahesabu jasho. Seti ambayo mwenzangu wa Nairobi huipiga mpaka akasahau aliifunga lini, kwangu huanza kufanya weusi kabla mwezi haujaisha.

Kwa muda mrefu nilikuwa mtu wa D'Addario EXL110, zile za 10 hadi 46 (unene wa uzi mwembamba kabisa na mnene kabisa, kwa sehemu za elfu za inchi), na sina ugomvi nazo. Nyuzi tatu nene zina kiini cha chuma kilichozungushiwa waya uliopakwa nikeli; tatu nyembamba ni chuma tu chenye ngozi nyembamba ya bati. Hizo nyembamba ndizo hushika kutu kwanza, na sisi tunaopiga rumba, sebene, ile sehemu ya kasi ya gitaa, ikianza vidole vyote viko huko huko juu. Uzi wenye kutu hautelezi. Ukiuvuta unakwaruza kidole, na polepole unakula freti, vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa, na kubadilisha freti ni gharama nyingine kabisa.

Ndipo nikahamia Elixir Optiweb, saizi ile ile. Watengenezaji wake ni W. L. Gore wa Marekani, hao hao wa kitambaa cha Gore-Tex kisichopenya maji. Nyuzi nene wamezifunika utando mwembamba sana ili jasho na uchafu visiingie kati ya mizunguko ya waya. Nyembamba hazina utando huo, ila chuma chake kimepakwa kinga ya kutu. Bei ndiyo inayouma: dukani nimelipa zaidi ya mara mbili ya D'Addario.

Je, zinafaa? Kwangu zinafaa, na sababu ni huu mji wetu. Zikiwa mpya kabisa, D'Addario bado zina ule mlio mkali ninaoupenda, na Elixir zimepoa kidogo. Lakini ule mkali wa D'Addario hapa haukai. Elixir huanza pale zilipoanza na kubaki hapo wiki baada ya wiki, kwa hiyo sihitaji kugusa vitufe vya ampu (kikuza sauti) kila tukienda kupiga hotelini. Tukipiga muziki wa bango, ambapo gitaa linatakiwa lisikike safi katikati ya tarumbeta na saksafoni, hilo ni jambo kubwa.

Kasoro zipo. Pale kipigio, kile kibati cha kukwanyulia nyuzi, kinapogonga sana, utando huchakaa na kutoa vinyweleo vyeupe, kama kola ya shati kuukuu. Havibadilishi sauti kwa kiasi cha kunisumbua, ila havipendezi. Pia mwanzoni zinateleza mno; mtu aliyezoea nikeli tupu atahisi kidole kinapitiliza.

Kuhusu unene, usiige tu mtu wa YouTube. Gitaa langu ni la mtindo wa Stratocaster, inchi 25.5 kutoka nati (kizuizi cha nyuzi mwisho wa shingo) hadi daraja (zinapokaa nyuzi kwenye mwili wa gitaa), na hapo 10 zinakaza vya kutosha. Gitaa la mtindo wa Les Paul ni fupi hapo, kama inchi 24.75, kwa hiyo seti ile ile itakuwa laini zaidi mkononi. Anayeanza mwenye Strat achukue 9 hadi 42, vidole vitamshukuru. Ukihama saizi, jiandae pia kurekebisha shingo na daraja, maana mvuto umebadilika.

Tahadhari moja ya sokoni: kuna muuzaji aliwahi kunipa nyuzi za gitaa kavu, lile lisilo la umeme, akaapa ni zile zile. Si zile zile. Za gitaa kavu zimezungushiwa shaba, na pikapu ya gitaa la umeme, yaani kile kinachonasa mlio wa nyuzi, hufanya kazi kwa sumaku. Shaba haiitikii, kwa hiyo nyuzi nene zinasikika dhaifu na nyembamba zinapiga kelele. Tazama uzi wa tatu: kwenye seti nyingi za umeme ni waya mtupu, kwenye gitaa kavu kwa kawaida umezungushiwa.

Matunzo hayana siri. Nawa mikono kabla ya kushika gitaa, hasa kama umetoka kula viazi karai. Ukimaliza, pitisha kitambaa kikavu cha pamba juu ya kila uzi na chini yake, maana jasho hujificha chini. Gitaa lirudi kwenye mfuko wake, si kuning'inia ukutani penye dirisha la upepo wa bahari. Pakiti usiifungue mpaka siku ya kufunga. Na wale wanaoshauri mafuta ya nazi, tafadhali yabaki jikoni; yananata na kushika vumbi.

Kujua uzi umechoka, pitisha ukucha chini yake pale unapokutana na freti. Ukihisi kijishimo, umeisha hata kama bado unang'aa. Dalili nyingine ni tuni: uzi wazi uko sawa, ukibana freti ya 12 umepotoka. Hapo badilisha kwanza, kisha ndiyo ulaumu fundi.

Kama unapiga Jumapili kanisani tu na gitaa linalala ndani ya mfuko, chukua D'Addario au Ernie Ball, pesa inayobaki nunua kebo nzuri. Elixir ni za anayetoa jasho kila wikendi. Hata mimi bado nanunua nyuzi moja moja za 10 na 13 zisizo na jina kubwa na kuziweka mfukoni mwa gitaa, kwa sababu uzi wa kwanza ndio hukatika katikati ya shoo, na kufungua seti nzima ya Elixir kwa ajili ya uzi mmoja siwezi.