Chakula cha Kihindi Kisichoelea Mafuta, Kigoma Mjini

Mgahawa huu mdogo, ulio mwendo wa dakika chache kutoka stesheni ya reli ya Kigoma, unamfaa kila aliyechoka kuona mchuzi wa Kihindi ukielea mafuta. Adesi huchemshwa hadi zikalainika, kisha bizari nyembamba na kitunguu saumu hukaangwa katika kijiko kimoja cha mafuta na kumiminwa juu, kwa kuwa viungo hivyo hutoa harufu yake vikipata mafuta ya moto, wala havihitaji mengi. Chapati zao ni zile ambazo Wahindi huziita roti: unga wa ngano usiokobolewa, uliokandwa kwa maji na kuchomwa juu ya chuma kikavu, tofauti na zetu za kukunjwa kwa mafuta. Kilichonivutia zaidi ni mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, aliyelazwa katika mtindi, manjano na tangawizi, kisha akachomwa kwa mkaa badala ya kukaangwa (ingawa mama mkwe wangu, mzoefu wa mawese, alimwona mkavu). Achari ilizidi chumvi. Wali nao ulijaa nusu ya sahani huku kachumbari ikiwa vijiko viwili tu. Niliomba wali upunguzwe na kachumbari iongezwe, nikakubaliwa bila nyongeza ya bei.