TAHADHARI: Kuna mtu anauza "akriliki ya reli" iliyochakachuliwa, msimtumie hela

Wakuu wa treni ndogo za mfano, hasa nyie mnaotaka kuanza kupaka reli zenu rangi, someni hii kwanza. Kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya kuuziana vifaa, akishtukiwa anabadilisha jina la ukurasa anaendelea. Anauza vichupa vya rangi anavyoviita "akriliki ya reli, imeshazimuliwa tayari, tikisa upake". Kuna ya kutu, ya mataruma (yale magogo yanayokaa chini ya reli) na ya kijivu ya kuchafulia kokoto. Picha anazoweka ni za kazi za watu wengine, na mbili nimezikuta kwa wenyewe kabisa.

Mzigo wake unafika, na hapo ndo anapowapata watu, manake siyo yule tapeli wa kula hela na kupotea, huyu anakuletea kitu na kitu chenyewe kinapakika, kinakauka, kinaonekana safi, unampa na nyota tano juu. Balaa linakuja ukifika kwenye kokoto.

Ngoja nieleze kwanini. Akriliki ya kweli ni chembe za rangi pamoja na chembe laini za plastiki ndani ya maji. Maji yakiondoka ile plastiki inashikamana inakuwa utando mmoja, na ikishakauka hairudi kuwa majimaji hata uilowanishe. Ndo maana tunaitegemea kwa reli, kwa sababu ukimaliza kupaka unamwaga kokoto, unazilowanisha na maji yenye tone la sabuni, afu unadondoshea gundi nyeupe iliyozimuliwa, yaani reli yote inaogeshwa. Sasa rangi ya huyu jamaa ikiguswa na maji inayeyuka, sawasawa na zile rangi za maji za watoto wa shule.

Mimi nilipaka kipande cha HO (kipimo cha treni za mfano, 1 kwa 87) chenye reli za kodi 83, yaani kimo cha reli ni inchi 0.083, nikakiacha kikauke hadi kesho yake, kilitoka vizuri sana. Nilivyoanza kudondoshea yale maji ya sabuni nikaona mstari wa kahawia unachuruzika kutoka ubavuni mwa reli, unaingia kwenye kokoto na kusambaa taratibu kutoka taruma hadi taruma. Nikapitisha kijiti cha pamba ubavuni, pamba ikajaa rangi na chuma kikabaki kinang'aa kama kimetoka dukani leo. Kokoto za kijivu zote madoa.

Nilimuandikia kwa heshima tu. Akajibu eti sikuosha reli. Nilikuwa nimeziosha kwa sabuni na sikuzishika tena kwa vidole, na naomba hapa mnielewe vizuri maana hiyo ndo kinga yake kwa kila mtu. Ni kweli reli yenye mafuta ya vidole inakataa rangi, na ni kweli akriliki ikizidishiwa maji inakosa nguvu ya kushika, inajikusanya matone matone au inapukutika ikikauka. Lakini hapo inabanduka vipande au inatoka unga, haiyeyuki ikawa wino. Nilipomwambia hivyo na kumtumia picha ya pamba, akaniblok.

Kama unayo chupa yake au ya mtu yeyote usiyemuamini, dondoshea rangi kidogo kwenye kipande cha plastiki kibovu, acha siku nzima, kisha sugua taratibu na pamba iliyolowa maji matupu. Pamba ikichafuka hivi hivi kwa mguso mwepesi, usiipeleke kwenye reli. Msipime kwa spiriti, inatoa hata akriliki nzuri kwahiyo mtamuonea muuzaji mwingine bure. Angalieni na chupa yenyewe, ya kwangu haikuwa na jina la mtengenezaji wala maelezo yoyote, na chini rangi ilikuwa imeganda donge ambalo halikutikisika.

Sasa hivi nimeona kaongeza na reli anazosema ni nikeli silva. Hizo sijazigusa, ila kwa anayetaka, nendeni na sumaku. Nikeli silva ni shaba, nikeli na zinki, fedha hamna humo, na sumaku haiishiki. Ikinasa, hiyo ni chuma cha kawaida na kitashika kutu ya kweli.

Na jamani, hii ya kuuziwa rangi iliyozimuliwa tayari hatuihitaji kivile. Chukua akriliki ya kawaida ya mtengenezaji anayejulikana, izimue mwenyewe kidogo kidogo kwa kizimuo chake hadi iwe nyepesi kama maziwa, paka tabaka nyembamba mbili tatu. Futa juu ya reli kabla haijakauka maana rangi inazuia umeme na injini itakwama, na pale kwenye swichi, yaani reli inapogawanyika njia mbili, zile ndimi zinapogusana na reli usipake kabisa.

Waliokwisha kupaka hii feki na hawajamwaga kokoto, mna bahati, maji ya uvuguvugu na brashi laini yanaitoa yote, ila msizamishe swichi zenye mota, na zima umeme mpaka reli zikauke kabisa. Waliokwisha kugundisha kokoto msimwagie maji tena hapo, itazidi kusambaa.

Kama oda yako bado iko njiani usibonyeze "nimepokea" mpaka ufanye kile kipimo cha pamba, na kama umeshalipia ndani ya mtandao wa mauzo fungua malalamiko leo, muda wa kudai ukipita hela hairudi. Akikuomba umlipe pembeni kwa kisingizio cha kupunguziwa bei, kataa. Wenye skrinshoti za mazungumzo naye nitumieni inboksi, nataka tupeleke ripoti kwa pamoja wamfungie.