Jaguar E-Type na Porsche 911 SC: niliyaendesha yote mawili, nikanunua moja

Naishi Birmingham, si mbali na Coventry ambako Jaguar E-Type iliundwa, na nilianza safari hii ya kutafuta gari nikiwa na hakika kwamba nitanunua E-Type. Leo nina Porsche 911 SC ya 1982.

E-Type niliyoiendesha ni ya 1966: lita 4.2, silinda sita, kabureta tatu. Boneti ni ndefu mno, pua ya gari huioni. Lakini kanyaga mafuta ukiwa gia ya tatu uone! Linavuta tangu chini, taratibu halafu kwa nguvu, wala hulazimiki kuisubiri injini izunguke kwa kasi. Barabara ndefu ndiyo nyumbani kwake. Na uzuri wake haubishaniwi. Jumba la makumbusho ya sanaa la MoMA kule New York limeiweka E-Type kwenye hazina yake ya sanaa.

Wanaotaka gari la kuhifadhi hugombania za 1961, hasa zile 500 za mwanzo ambazo boneti yake hufungwa kwa nje. Mimi nataka kuendesha, na gia ya kwanza ya hizo za mwanzo, za lita 3.8, haina sinkromeshi, kile kifaa kinacholainisha kuingia kwa gia: usiposimamisha gari kabisa, inakwaruza.

911 ni mnyama mwingine. Injini ya lita 3, nguvu za farasi 204, imekaa nyuma kabisa na inapozwa kwa hewa, kwa hiyo hakuna rejeta ya kukutia wasiwasi kwenye foleni. Pua ni nyepesi na usukani unakuletea kila kokoto mkononi. Ila katikati ya kona usiachie mafuta ghafla. Mkia utataka kutangulia. Punguza mwendo mapema, ingia, kisha kanyaga. Ukilizoea, kwenye barabara za kona kona E-Type haikupati.

Nilikaribia kununua 911 ya 1970. Rangi ilimeremeta, muuzaji akaapa haijaguswa. Nikatoa sumaku yangu ndogo niliyoifunga kitambaa, nikaipitisha chini ya mlango. Ikadondoka. Sumaku hushika bati, haishiki puti: palikuwa puti tupu, na kutu chini yake. Ndipo nikaigeukia SC, maana tangu modeli za 1976 bodi yote ni ya bati lililopakwa zinki. Hata hivyo kagua, na hakikisha namba ya injini inalingana na hati. Likiwa na injini ya kubadilishwa, thamani yake kwa wakusanyaji hushuka sana.

Kwa bei ya kesho, SC haitaifikia 911 aina ya Carrera RS 2.7 ya 1973, ambazo ziliundwa 1,580 tu. Sijali. Mwaka 1978 dereva Mkenya Vic Preston Jr. alimaliza wa pili Safari Rally kwa 911 SC iliyoinuliwa juu kwa ajili ya barabara zetu za Kenya, na baba aliiona ikipita. Nilipomtumia picha ya yangu, aliitazama kwa muda, kisha akaniandikia: "Mwanangu, mbona iko chini hivyo?"